Amana Iliyomo Ndani ya Kasha: Wajibu wa Kuhifadhi Vitabu vya Mkono

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemtukuza mwanaadamu kwa ilimu na akamneemesha kwa kalamu. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na Masahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Mtu hufa akaacha nyumba, na shamba, na chombo, na fedha. Warithi wake wakakaa mbele ya kadhi wakagawa kila kitu kwa fungu lake, hata sufuria na mikeka ikahisabiwa. Lakini katika nyumba nyingi za mwambao, toka Pate na Lamu mpaka Mombasa, Tanga, Unguja, Kilwa na Ngazija, liko kasha moja ambalo hakuna anayeligombania. Ndani yake mna vitabu vya babu, vilivyoandikwa kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu: msahafu, vitabu vya fiqihi na nahau, maulidi, khutba, tenzi za Kiswahili kwa harufu za Kiarabu, hati za mashamba na barua. Warithi hulifungua kasha, wakaona vumbi na karatasi zilizotobolewa na wadudu, wakalifunga tena. Au huwa lililo baya zaidi: akaja mnunuzi wa vitu vya kale, akalipenda kasha kwa misumari yake ya shaba, wakamwuzia kasha, na yaliyokuwamo wakayamwaga chini ya ngazi. Kasha likapata bei, na ilimu isipate hata mahali pa kulala.

Jambo hili si la pambo wala la kujifakhirisha kwa ukale. Ni jambo la dini. Karatasi zile ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Makusudio ya risala hii ni kubainisha kwamba kukifungia kitabu mpaka kikaliwa na mchwa si kukihifadhi, bali ni kukipoteza polepole. Na kwamba njia iliyopatikana zama hizi, ya kupiga picha kila ukurasa kwa kamera na kuziweka picha hizo katika kompyuta, ni njia inayofaa kushikwa, kwa masharti yake na adabu zake.

KUHIFADHI NI MWENENDO WA MASAHABA

Qur'ani tukufu ilihifadhiwa vifuani mwa watu, na pamoja na hayo ikaandikwa juu ya ngozi, na mifupa, na makuti ya mtende. Katika vita vya Yamama, mwaka wa 12 wa Hijra, walikufa wengi katika walioihifadhi. Sayyidna Umar akaingiwa na khofu, akamwendea Khalifa, Sayyidna Abubakar, akamshauri Qur'ani ikusanywe mahali pamoja. Sayyidna Abubakar alisita, kwa kuwa ni jambo ambalo Mtume (s.a.w.) hakulifanya mwenyewe. Umar hakuacha kumrudia mpaka Mwenyezi Mungu akakikunjua kifua cha Khalifa. Na Zaid bin Thabit, aliyeamrishwa kuifanya kazi hiyo, naye alisita kama hivyo, akaona kuuhamisha mlima ni kwepesi kuliko alilopewa; kisha naye akakunjuka, akaifanya.

Baadaye Sayyidna Uthman akaamrisha iandikwe misahafu kutokana na ule wa asili, na hakuiweka yote Madina. Aliipeleka katika miji mikubwa ya Waislamu, kila mji na msahafu wake.

Mwenye kuzingatia atatoa humo mafunzo matatu. La kwanza, khofu ya kitu kupotea inatosha kuwa sababu ya kukihifadhi. Umar hakungoja mpaka hafidhi wa mwisho azikwe. La pili, njia kuwa mpya hakuifanyi kuwa mbaya, ikiwa kinachohifadhiwa ni kile kile. La tatu, nakala ziwe zaidi ya moja, na ziwe mahali mbali mbali, ili msiba ukishuka mji mmoja usivimalize vyote.

Na walio katika madhehebu ya Imam Shafii wana fundisho jingine karibu yao. Imepokewa kwamba Imam alikuwa yatima masikini, akiandika anayoyasikia juu ya mifupa kwa kukosa thamani ya karatasi. Alipofariki Misri mwaka wa 204 wa Hijra, vitabu vyake vilibaki mikononi mwa wanafunzi, na mkubwa wao katika kuvipokea ni Rabii bin Sulaiman al-Muradi, aliyefariki mwaka wa 270. Katika maktaba ya serikali ya Kairo iko nakala kongwe ya Risala ya Imam, inayonasibishwa na Rabii huyo. Juu ya nakala hiyo Sheikh Ahmad Muhammad Shakir alijengea chapa yake ya mwaka 1940, ambayo maulamaa wanaitegemea. Zaidi ya miaka elfu moja karatasi zile zilitoka mkono mmoja kwenda mkono mwingine. Lau mmoja tu katika mikono hiyo ungalisema, "Haya ni makaratasi ya wazee, hayana kazi," mlolongo ungalikatika hapo.

MIJI ILIYOPATA MTIHANI

Timbuktu ni mji wa Mali, penye ukingo wa jangwa, karibu na mto Niger. Ulikuwa mji wa ilimu kabla ya Wareno kufika mwambao wa Afrika Mashariki. Katika maulamaa wake mashuhuri ni Sheikh Ahmad Baba, aliyezaliwa mwaka 1556 na kufariki mwaka 1627. Jeshi la Sultani wa Morocco liliuteka mji mwaka 1591, na baada yake Sheikh akakamatwa pamoja na jamaa zake, akapelekwa Marrakesh. Aliposimama mbele ya Sultani alilalamika kwamba amenyang'anywa vitabu 1,600, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa na vitabu vichache kuliko jamaa zake wote. Hakurejea kwao mpaka mwaka 1608.

Watu wa Timbuktu wakajifunza kuficha. Kizazi baada ya kizazi vitabu vikawekwa masandukuni, vikafukiwa mchangani, vikajengewa ukuta. Baadhi vikaokoka kwa kufichwa huko, na baadhi vikaliwa na mchwa humo humo, wala hapana aliyejua kilichokuwamo.

Mwezi wa Aprili 2012 mji ukaingia mikononi mwa watu wenye silaha, waliodai kuwa wanaisimamisha dini. Walibomoa makaburi ya mawalii, na wenye vitabu wakakhofia vitabu vyao. Basi Abdel Kader Haidara, ambaye nyumba yao ni ya vitabu tangu wahenga, akashirikiana na wenziwe na wenye maktaba za nyumba za mji, wakavitia vitabu katika masanduku ya bati, wakavitoa kwa siri, usiku kwa usiku, kwa punda, na motokaa, na mashua za mto Niger, mpaka Bamako, mji mkuu. Vilivyohamishwa, kwa hisabu ya waliovihamisha, ni laki kadhaa. Mwezi wa Januari 2013, wenye silaha walipokuwa wakikimbia, walivitia moto vitabu walivyovikuta katika chuo cha serikali kiitwacho kwa jina la Ahmad Baba. Vikateketea au kupotea zaidi ya 4,000.

Azingatie mwenye akili. Waliochoma walikuwa wakipiga takbiri, na waliookoa walikuwa wakipiga takbiri. Kudai kuipenda dini si hoja. Hoja ni kilichobaki baada ya mtu kupita.

Na huko Bamako ukaja mtihani wa pili. Timbuktu ni kukavu, na Bamako kuna mvua na unyevu. Karatasi zilizozoea jangwa zikawa katika khatari ya kuota kuvu. Hapo ndipo kazi ya kupiga picha ikashikwa kwa nguvu, ili kama karatasi itakufa, maneno yasife nayo.

Mji wa pili ni Sarajevo, katika Bosnia, nchi ya Waislamu wa Ulaya. Ulizingirwa kwa vita toka mwaka 1992, na tarehe 17 Mei mwaka huo mizinga ya moto ikakipiga chuo kilichokuwa na vitabu vya mkono zaidi ya 5,000 vya Kiarabu, Kituruki na Kifursi, kikaungua karibu chote. Katika mji huo huo ilikuwako maktaba ya Gazi Husrev-beg, iliyoasisiwa mwaka 1537. Msimamizi wake, Mustafa Jahić, na watumishi wachache, na miongoni mwao mlinzi wa usiku ambaye asili yake ni Kongo, walivibeba vitabu kwa mikono yao katika maboksi ya ndizi, wakavuka njia zilizokuwa zikipigwa risasi, wakavihamisha toka nyumba hii mpaka nyumba hii, na vitabu vikasalimika. Mlinzi yule hakuwa mwalimu wala mwandishi. Lakini amana ikamfikia, naye akaibeba.

Na mwambao haukukosa mtihani, ingawa hapakupigwa mzinga. Tarikhi ya kale ya masultani wa Kilwa, iliyotungwa kwa Kiarabu, nakala yake moja tu ya Kiarabu ndiyo inayojulikana leo. Nakala hiyo iliandikwa Unguja mwaka 1877, zama za Sayyid Barghash, ikapewa balozi wa Kiingereza, John Kirk, nayo imo London mpaka hivi leo. Ile iliyonakiliwa haikuonekana tena. Jambo hili lina pande mbili. Kunakiliwa ndiko kulikoiokoa khabari ya Kilwa isipotee; na kutoachwa nakala nyumbani ndiko kuliko wafanya watoto wa Kilwa waitafute khabari ya mji wao ng'ambo ya bahari. Mwenye kunakili na asiache nakala nyumbani ameifanya nusu ya kazi.

Na Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1947, aliandika kwa Kiarabu tarikhi ya Mazrui waliotawala mji huo. Kitabu kilikaa kikiwa maandiko ya mkono, kikachapwa mwaka 1995. Miaka 48 tangu kufa kwake! Kilisalimika kwa kuwa walikuwako waliokihifadhi. Ni vingapi ambavyo havikupata wahifadhi, na hata majina yake hayajulikani?

HUKUMU YA AMANA NA YA WAKFU

Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratun-Nisaa kwamba amana zifikishwe kwa wenyewe. Na wenye vitabu hivi si warithi peke yao. Vitabu vingi vya mwambao vimeandikwa katika ukurasa wa mwanzo kwamba ni wakfu: kwa msikiti fulani, au kwa wanafunzi wa mji fulani, au kwa kizazi cha fulani. Katika madhehebu ya Shafii mali ya wakfu huhamia kwa Mwenyezi Mungu. Haiuzwi, haitolewi zawadi, hairithiwi. Mtu aliyekikuta kitabu cha wakfu katika kasha la babake hakurithi kitabu. Amerithi kazi ya kukitunza. Akimwuzia mtalii, ameuza kisicho chake, na bei aliyoishika si halali kwake.

Watu husema, "Sisi hatukuviuza wala hatukuvitupa; tumevifungia tu." Jawabu yao imo katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu ambacho kila aliyekaa darsani katika mwambao amekisoma au amekisikia. Katika mlango wa amana, Imam amebainisha kwamba aliyewekewa nguo za sufi ni juu yake kuzianika penye upepo ili zisiharibiwe na wadudu. Aliyeziacha mpaka zikaliwa, na hali alikuwa aweza kuzianika, amefanya taksiri na atalipa. Hakusamehewa kwa kusema, "Nilizifungia wala sikuzigusa." Kule kutozigusa ndiyo khatia yake.

Ikiwa ndiyo hukumu ya nguo ya sufi, ambayo yapatikana nyingine sokoni, itakuwaje kitabu kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kufa, ambacho pengine hapana cha pili chake duniani? Nguo hulipwa kwa thamani yake. Ilimu iliyoliwa na mchwa italipwa kwa nini?

Na Mtume (s.a.w.) amekhabarisha kwamba mtu akifa amali yake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na moja katika hayo ni ilimu yenye kunufaisha. Babu aliyekesha kwa taa ya mafuta akanakili kitabu, akakifanya wakfu, alikuwa akitaraji thawabu imfikie kaburini kila kikisomwa. Mjukuu anayekifungia asisomewe mtu amekata njia ya thawabu ya babu yake mwenyewe, naye adhani kuwa anamhishimu.

MASUALI NA MAJIBU

Suali: Wazee walinakili kwa kalamu. Je, kupiga picha si uzushi?
Jawabu: Kalamu ni chombo na kamera ni chombo. Kinachotakiwa ni maneno yasipotee wala yasigeuke. Mwenye kunakili kwa mkono huenda akaruka mstari au akakosea nukta. Picha huchukua mstari na nukta na hata doa la maji. Na kusita mbele ya jambo jipya si aibu, Sayyidna Abubakar na Zaid walisita. Aibu ni kusita baada ya kheri kubainika. Wala haya si masuala ya sura zenye roho waliyoyazungumza maulamaa, maana kinachopigwa ni harufi.

Suali: Wanaokuja na kamera mara nyingi ni wageni, na wengine si Waislamu. Vitaibiwa?
Jawabu: Khofu hii ina asili, na aliye nayo asichekwe. Vitabu vingi vimeondoka mwambao kwa kuazimwa visirudi, au kwa kununuliwa kwa bei ya chini. Lakini dawa ya mwizi si kuichoma nyumba. Dawa ni sharti. Kitabu kisitoke mahali pake. Kipigwe picha pale pale kilipo, msikitini au nyumbani, na mwenyewe yuko mbele. Mapatano yaandikwe na yashuhudiwe. Nakala kamili ya picha ibaki mjini. Vijana wa mji wafundishwe kazi, ili mgeni akiondoka kazi isiondoke naye. Na msahafu ushikwe na Muislamu mwenye udhu, kama ilivyo hukumu yake. Mgeni aongoze kamera, asiongoze kurasa.

Kwa njia iliyo karibu na hiyo, vitabu vya Riyadha ya Lamu, iliyoasisiwa na Habib Saleh bin Alwi Jamalil-Lail, aliyefariki mwaka 1935, vimepigwa picha kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi maandiko yaliyo khatarini, mpango ulioanza mwaka 2004. Sharti la mpango huo ni kwamba kitabu cha asili hakitoki katika nchi yake. Na watu wa Timbuktu walisaidiwa kupiga picha vitabu vyao na maktaba ya watawa wa Kikristo wa Minnesota, Marekani. Hikima ni kitu alichokipoteza muumini, akiikuta huichukua. Lakini ni haya kwa umma kwamba watawa wa dini nyingine wawe na pupa ya vitabu vya Waislamu kuliko wenye vitabu.

Suali: Kitabu chenye wakfu kimeandikwa kwamba kisitoke msikitini. Je, kupigwa picha hakuvunji sharti la mwenye kuweka wakfu?
Jawabu: Sharti lake hufuatwa, na hapa limefuatwa, kwa kuwa kitabu hakikutoka. Na makusudio yake alipoweka sharti hilo ni kitabu kisipotee. Picha inaitimiza nia yake.

Suali: Katika makasha mna barua, na hati za madeni, na khabari za ndani za jamaa. Je, zote zionekane na watu?
Jawabu: La. Kuhifadhi ni jambo moja na kudhihirisha ni jambo jingine. Vyote vipigwe picha visipotee. Kisha wenye nyumba waamue lipi liwe wazi kwa wasomaji na lipi lisitiriwe. Sitara ya Muislamu ni wajibu, hata akiwa kaburini. Lakini asiufanye mtu mlango wa sitara kuwa kificho cha ilimu. Fiqihi, tafsiri, nahau na tenzi si siri ya mtu, na imekuja katika Hadithi onyo kali kwa aliyeulizwa ilimu akaificha.

Suali: Picha zikisha patikana, karatasi za nini tena?
Jawabu: Picha ni shahidi wa kitabu, si kitabu. Karatasi yenyewe huzungumza. Nyingi katika vitabu vya mwambao ni karatasi za Italia, ambazo ukiziinua kwenye mwanga waona alama ya miezi mitatu ndani yake. Kwa alama kama hizo wajuzi hukadiria zama. Jalada, mshono, na wino vina khabari zake. Tena picha nazo hufa. Mwezi wa Oktoba 2023 wezi wa mitandao waliishambulia ile Maktaba ya Uingereza, wakaharibu mitambo yake, na kwa miezi mingi vitabu vilivyopigwa picha havikuweza kusomwa kwa njia hiyo. Ikiwa maktaba kubwa kama ile ilipatwa, asijidanganye mtu kwamba kitabu chake kimesalimika kwa kuwa kimo ndani ya simu.

NAMNA YA KAZI NA ADABU ZAKE

Mwenye kasha aanze kabla ya kamera kufika. Kasha liondolewe chini na liinuliwe juu ya magogo, mbali na ukuta unaovuta unyevu. Vitabu vifutwe vumbi kwa brashi laini, vizungushiwe kitambaa safi cha pamba, vitazamwe kila mwezi, na vipate hewa kivulini, si juani. Visitiwe katika mifuko ya plastiki iliyofungwa, maana unyevu wa bahari hufungika ndani na kuvu huota. Visipuliziwe dawa ya mende wala visipakwe mafuta ya taa. Karatasi iliyochanika isigandishwe kwa gundi wala kwa utepe wa kunata. Gundi hula karatasi kuliko mchwa. Na wino uliopikwa kwa chumvi ya chuma hula karatasi yenyewe kwa miaka, ukatoboa harufi moja moja. Kitabu cha namna hiyo kifunuliwe polepole, na kiwe cha kwanza kupigwa picha.

Karatasi zilizoachana zisipangwe kwa kukisia. Waandishi wa zamani waliandika chini ya ukurasa neno linaloanza ukurasa wa pili, na kwa neno hilo msomaji huurudisha mpango.

Ama kurasa za msahafu zilizochakaa, maulamaa wamezungumza namna ya kuziondoa: wako waliosema zioshwe, wako waliosema zichomwe kwa kufuata alivyofanya Sayyidna Uthman, na wako waliokataza au kuchukia kuchoma. Ikhtilafu hiyo ni ya karatasi isiyofaa tena. Kabla ya kuamua kwamba haifai, aonyeshwe mjuzi. Mengi yaliyozikwa kwa hishima yalikuwa yakifaa kuhifadhiwa kwa hishima zaidi.

Kamera ikifika, isimamishwe juu ya nguzo yake, ielekee chini, isitikisike. Taa ziwe mbili, kulia na kushoto, zisizo kali, wala usitumiwe umeme wa kumulika ghafla. Mikono iwe safi na mikavu. Kitabu kilazwe juu ya mito wala kisilazimishwe kufunuka kwa nguvu. Pembeni uwekwe mstari wa kupimia na kadi ya rangi, ili atazamaye mbali ajue ukubwa na rangi ya asili. Kisha kipigwe kutoka jalada mpaka jalada, hata kurasa tupu, hata vipande vilivyowekwa katikati. Maana katika kurasa tupu wazee waliandika siku waliyozaliwa watoto, na siku waliyokufa wazazi, na nani aliyekimiliki kitabu.

Baada yake liandikwe daftari: jina la kitabu, aliyekitunga, aliyekinakili, tarehe iliyo mwishoni, maneno ya wakfu, na idadi ya kurasa. Picha elfu zisizo na daftari ni kama maiti elfu wasio na majina. Kisha picha ziwekwe mahali patatu: kwa wenyewe, katika mji mwingine, na penye maktaba kubwa ya mbali, na kila baada ya miaka michache zihamishwe katika chombo kipya, kwa kuwa vyombo hivi huzeeka upesi kuliko karatasi.

KHATIMA

Limebaki jambo moja, nalo ndilo kubwa. Mtume (s.a.w.) amekhabarisha kwamba Mwenyezi Mungu haiondoi ilimu kwa kuipokonya vifuani mwa watu, bali huiondoa kwa kuwachukua maulamaa. Kitabu hakikutajwa. Mji waweza kuwa na kila kitabu na usiwe na ilimu. Leo wako vijana wa mwambao wanaoandika upesi kwa vidole viwili katika simu, na ukiwapa barua ya Kiswahili ya babu zao, iliyoandikwa kwa harufi za Kiarabu, wanaigeuza juu chini. Msahafu wanausoma, kwa sababu una irabu. Barua haina irabu, basi imewafungia mlango. Wakiachwa hivyo, picha zote zitakuwa ni sanduku jipya lenye kufuli jipya.

Basi kila chuo cha Qur'ani na kila madrasa itenge saa moja katika wiki, wanafunzi wakubwa wasomeshwe maandiko ya mkono: barua, wakfu, utenzi, na ukurasa wa fiqihi wenye maelezo ya pembeni. Kila msikiti wenye vitabu uteue watu wawili waaminifu, mmoja mzee ajuaye yaliyomo na mmoja kijana ajuaye kamera, wafanye kazi pamoja. Na kila mwenye kasha alifungue Ijumaa hii, baada ya sala, mbele ya watoto wake, awaonyeshe mkono wa babu yao.

Siku inakuja ambayo madaftari ya amali yatafunuliwa, na hapo hapana karatasi iliyoliwa wala harufi iliyofutika. Aliyehifadhi atakikuta alichokihifadhi, na aliyepoteza atakikuta alichokipoteza.

Ewe Mwenyezi Mungu, warehemu walioandika, na walionakili, na walioweka wakfu. Wajaalie waliobaki kuwa watu wa amana, na uijaalie ilimu hii iwanufaishe waja wako mpaka Siku ya Kiama. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na Masahaba zake wote. Amin.